Utani Mbele ya Mchele

Mchele wa mwezi ule ulichelewa siku kumi na tisa, na ulipofika ulifika na sheria mpya. Kila nyumba gunia moja, wala isikutwe na zaidi. Atakayekutwa na zaidi ataeleza anamlisha nani. Wanajeshi walikwisha kupita Mkwajuni nyumba kwa nyumba na nondo zao, wakichoma sakafu za udongo kutafuta chakula kilichofukiwa, na kwa bibi mmoja walitoboa mtungi wa maji wakidhani una mahindi. Mkwajuni ni mtaa wa pembeni mwa Msimbwa, mji ambao kwenye karatasi za serikali huandikwa Mocímboa da Praia. Watu waliokimbia vita walikuwa wamerudi, wakakuta kuta bila mabati, na sasa waliishi kati ya bunduki mbili: za walio msituni, wanaokuja kuchukua chakula, na za walio barabarani, wanaozuia chakula kisichukuliwe. Raia wa katikati alikuwa na kazi moja tu, nayo ni kupanga foleni.

Haula alipanga tangu alfajiri. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti inayofika mahali kabla yake, lakini asubuhi ile alikaa kimya akihesabu vichwa vilivyo mbele yake. Nyumbani aliacha roho sita: mumewe Haruna, mama mkwe asiyeona, wanawe wawili wadogo, na binti yake Sumaia na kichanga cha siku kumi na mbili. Maziwa ya Sumaia yalikuwa hayatoki. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Mkunga alikuwa amewaambia wazi kwamba dawa ya jambo lile haiko kwenye kibuyu cha mganga. Mpeni mzazi uji mzito, alisema, mpeni wali na maharage, ale ashibe, maziwa yatakuja yenyewe. Haula akacheka kwa uchungu. Ni kama kumwambia maskini kwamba dawa ya umaskini ni utajiri.

Chakula kiligawiwa kwenye ghala la zamani la korosho. Mezani alikaa Délcio, kijana wa shirika la misaada, akisoma majina kwenye lista. Ubavuni mwake alikaa tenente mgeni, ofisa wa jeshi aliyetoka kusini ya mbali juma lile lile, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Nyuma ya tenente alisimama mkalimani wake, Nélio, mtoto wa hapa hapa, mwenye kazi mpya na viatu vipya. Waliobeba magunia kutoka ghalani walikuwa wanaume wa mtaa, na mmoja wao alikuwa Rajabo.

Rajabo ni mtoto wa shangazi yake Haula, na mtoto wa shangazi ni mtani wa kuzaliwa naye. Siku Haula alipoolewa, Rajabo alijilaza mlangoni akawatangazia wakwe kwamba bibi harusi anakoroma na anaiba sukari. Siku walipomzika baba yake Haula, Rajabo ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea maiti, na akiwa mle ndani akanung'unika kwa sauti kwamba mjomba ni mzito kwa sababu ya ulafi wake, hata wafiwa wakacheka na machozi yanawatoka. Ndivyo ilivyo. Mtani hanuniwi, na anayenuna hutozwa faini ya jogoo. Basi jina la Haula liliposomwa, naye akasogea mezani na kadi yake mkononi, Rajabo alitua gunia begani akajifuta jasho.

"Huyo mpimieni nusu," alisema, na sauti ikafika mwisho wa foleni. "Nusu yake huwa inakwenda msituni. Ana mume wa pili kule, ana ndevu mpaka kitovuni."

Foleni nzima ikacheka. Walikuwa hawajacheka siku nyingi, na kicheko kile kiliwatoka kama kikohozi. Haula naye, njaa na yote, akahisi damu inamrudi mwilini. Mwenye kutaniwa akinyamaza ameshindwa, na yeye hakuwahi kushindwa na Rajabo tangu wakiwa watoto wa kuchunga mbuzi.

"Na nani anayempelekea kama si wewe?" akamjibu. "Gunia la mwezi uliopita si ulilibeba kwa kichwa hicho hicho cha nguru, ukala huko, ukarudi unabeua?"

Watu wakacheka tena, wengine wakipiga makofi. Tenente hakucheka. Aliinua kichwa, akamuuliza Nélio kitu. Nélio alijua utani ni nini; bibi yake mwenyewe alikuwa na watani waliomchukulia sufuria jikoni huku anawatazama. Lakini alikuwa ameajiriwa kutafsiri maneno, hakuajiriwa kutafsiri watu, na mwajiri wake alikuwa na bastola. Akayageuza maneno yale kwa Kireno, moja baada ya jingine, kama yalivyotamkwa. Kicheko kikakatika, kwanza mbele, kisha nyuma, mpaka ikasikika njiwa juu ya ghala.

Tenente alinyoosha mkono akachukua kadi ya Haula. Akamwita Rajabo, akachukua na yake. Délcio alijaribu kusema jambo, akatazamwa, akalimeza. Kalamu nyekundu ikapita juu ya majina mawili kwenye lista, na Nélio akawaambia, bila kuwatazama usoni, kwamba waende kwarteli, kambini kwa wanajeshi, baada ya siku tatu wakaeleze.

"Mwingine," akasema Délcio.

---

Siku ya kwanza walikula mapapai mabichi waliyoyachemsha na chumvi. Siku ya pili walichemsha maji ya mapapai yale yale. Haruna, ambaye hata kabla ya vita maneno yake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko, alimuuliza mkewe swali moja tu, kwa nini alijibu. Haula akasema alijibu kwa sababu alitaniwa. Haruna akaitikia kwa kichwa, maana hilo hata yeye hakuwa na la kulipinga, akageukia ukuta.

Kukopa hakukuwezekana. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Nyumba iliyopigwa wino mwekundu ilikuwa kama nyumba yenye ndui, anayeipa chakula anaandikwa naye. Wanawake aliosimama nao foleni na kucheka nao walipomwona anakuja walikumbuka vitu walivyovisahau ndani. Mmoja alimwambia kupitia mlango uliofungwa kwamba hayupo. Haula akamjibu kwamba atakaporudi amsalimie, akaondoka akiwa ameinua kichwa.

Aliyekuja ni Deolinda, jirani Mkristo aliyekimbia kutoka Diaca, aliyekuwa akilima na sasa halimi kwa sababu mashamba yako upande usiofaa wa barabara. Alileta makopa machache ndani ya kanga, akayamimina jikoni haraka haraka. Kisha akasimama, akijishika vidole.

"Dada Haula," alisema, "njiani tukikutana usiniamkie. Nina watoto wanne."

Haula akamwambia hatamwamkia. Aliyasema hayo kwa upole, na akawa mkweli, kwa maana makopa yale yalimpa Sumaia bakuli moja la ugali. Lakini maziwa hayakuja kwa bakuli moja. Kichanga kilikuwa kimeacha kulia, na mama mkwe, asiyeona lakini anayesikia yote, akauliza kwa nini nyumba imenyamaza.

Jioni Rajabo akaja. Hakuwa na kadi, hakuwa na kazi ya kubeba, na watoto wake walikuwa wanakula alichokula Haula, yaani hakuna. Akaingia mpaka jikoni, akafunua chungu kitupu, akakifunika kwa heshima kubwa.

"Nimekuja kula matanga," alisema. "Nasikia wameuawa watani wawili kwa kalamu."

Haula alitaka kumkasirikia na hakuweza. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini akalia. Rajabo akangoja amalize. Halafu akamwambia kwamba wataingia pamoja, watamweleza yule mtu, kwani hata huko kusini kwao wana mashemeji, wana wajukuu, hawawezi kukosa watu wa kutukanana nao. Mtu hawezi kuzaliwa akawa hana mtani. Haula akaamini, au alichagua kuamini.

---

Kesho yake, siku moja kabla ya kwenda kwarteli, alipita kwa shefe wa mtaa, Mzee Jerónimo. Huyu alikuwa mtu wa bara, wa uwandani, aliyeteuliwa kwa sababu anajua kusoma na anajua kunyamaza. Alimkaribisha Haula kwenye kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba alikuwepo, alisikia, na alicheka yeye mwenyewe.

Haula akamwomba aje kesho aseme hivyo hivyo.

"Mwanangu, utani naujua kabla wewe hujazaliwa," Mzee Jerónimo alisema. "Lakini nikiweka mkono kwenye karatasi kwamba mchele hauendi msituni, na kesho likaonekana gunia moja tu huko, la mtu yeyote, nani atanizika?"

Akashusha sauti. Wale watu, alisema, hawataki kuelezwa mila. Wao wanataka karatasi ifungwe. Maneno yamesemwa mawili. Moja likiwa uongo, jingine linaanguka lenyewe. Aliyeanza ni Rajabo. Aseme tu kwamba Rajabo alimsingizia, naye akajibu kwa hasira. Sentensi moja. Haula akainuka kwenye kiti, akamshukuru kwa kiti, na alipokuwa anatoka akamwambia kwamba mtani hapelekwi barazani tangu dunia iumbwe. Mzee Jerónimo akasema anajua, ndiyo maana hajamwambia ampeleke, amemwambia amwache.

---

Kwarteli waliingizwa pamoja. Tenente hakuwa mtu mkali. Aliwaambia wakae, akawauliza kama wamekunywa maji. Ukimtazama ungemdhania mwalimu wa shule aliyechoka. Haula akaeleza, Rajabo akaongeza, Nélio akatafsiri, na safari hii Nélio alijitahidi, hata akatoa mfano wa bibi yake na sufuria. Tenente akasikiliza yote. Kisha akauliza utani huo umeandikwa wapi, na nani anayeshuhudia kwamba fulani ni mtani wa fulani.

Rajabo akasema haujaandikwa. Unazaliwa nao.

Tenente akaegemea kiti chake, akasema neno, na Nélio akachelewa kulitafsiri.

"Anasema, basi tanianeni. Hapa. Aone."

Wakasimama wakiangaliana mbele ya meza ile. Watu waliotukanana kwenye harusi na kwenye mazishi, waliotukanana mashuani wakikimbilia visiwani huku moshi wa nyumba zao unaonekana, sasa walitafuta tusi moja wakalikosa. Mwishowe Rajabo akasema, kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni, kwamba Haula ana miguu kama ya kuku. Hakuna aliyecheka. Haula akajibu kwamba na yeye Rajabo ana, ana kichwa kikubwa. Mwanajeshi wa mlangoni alikohoa. Haula aliona aibu iliyompanda kutoka nyayoni, akatamani afunikwe na kitu.

Tenente akaandika. Akaamuru Rajabo atoke nje, angoje kwenye benchi.

Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa, tangu jana labda. Nélio akaisoma kwa Kiswahili polepole. Mimi, Haula binti fulani, nathibitisha kwamba Rajabo fulani alisema uongo juu yangu mbele ya watu, kwa nia ya kuniharibia na kuvuruga ugawaji wa chakula.

Haula akauliza kama inaweza kuandikwa tu kwamba alisema uongo. Hilo ni kweli, kwani kweli alisema uongo, hata yeye alisema uongo, ndio utani wenyewe. Ile nia iondolewe.

Nélio akamuuliza tenente. Tenente akajibu maneno mawili, akachungulia saa yake. "Karatasi ni moja," Nélio akasema. Halafu, haraka, kwa Kimwani cha nyumbani ambacho kama ungekuwa na masikio ya tenente usingekitenga na Kiswahili, akamwambia, "Shangazi, weka dole uende, mimi najua una mtoto mchanga."

Juu ya meza, kando ya kidau cha wino, kadi yake ilikuwa imelala na picha yake ikimtazama. Alikumbuka kichanga asubuhi ile, alivyokiinua kikawa chepesi kama kanga iliyokauka. Alijiambia kwamba Rajabo ni mwanamume, atajitetea. Alijiambia kwamba watamtisha tu watamwacha. Alijiambia mengi, yote kwa muda wa pumzi moja, na hakuna hata moja aliloliamini. Akaweka dole.

Nje, Rajabo alisimama alipomwona.

"Wamekurudishia?"

"Wamenirudishia."

"Alhamdulillahi," akasema Rajabo, na alimaanisha. Uso wake ulifunguka kabisa. Halafu macho yake yakashuka kwenye mkono ulioshika kadi, kwenye dole gumba lenye wino wa buluu, yakakaa hapo. Haula angeweza kusema kitu. Mwanajeshi akamwita Rajabo ndani, naye akaingia, na mlango ukafungwa.

---

Gunia lilikuja siku hiyo hiyo. Sumaia alikula wali na maharage, akala tena, na siku ya tatu mtoto alivuta akameza, akavuta akameza, mpaka akalala na tone jeupe mdomoni. Haruna alilitazama lile tone akafuta macho. Kama kuna mtu anayedhani Haula alijuta saa ile, huyo hajawahi kuwa na njaa. Hakujuta. Kujuta kulikuja baadaye, tumbo liliposhiba, maana aibu nayo hula wali.

Rajabo hakurudi siku ile wala kesho yake. Mtaani wengine walisema yuko kwarteli anafyeka majani, wengine walisema amepelekwa kwenye kambi nyingine, na wote walisema kwa kunong'ona. Wanawake wa foleni wakaanza kumwamkia Haula tena. Deolinda akaja kukaa naye jikoni kama zamani. Hakuna aliyemtupia neno, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kwani angetupiwa neno angejibu.

Siku ya tano alipima wali katika bakuli, akaufunika, akaupeleka kwa Ancha, mke wa Rajabo. Ancha alikuwa anajua. Shefe alikuwa amemwambia, akidhani anamsaidia. Haula alisimama mlangoni na bakuli lake. Watoto watatu wa Rajabo walitazama bakuli, wala hawakumtazama yeye. Ancha alilipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama Sumaia," alisema. "Mungu akuzidishie."

Aliwagawia watoto, akaliosha bakuli, akalifuta, akamrudishia pale pale, ili asiwe na sababu ya kurudi.

---

Siku ya kumi na moja mtu akapita akasema Rajabo ameachiwa. Kadi yake haikurudi. Ataangaliwa mwezi ujao, kama atatajwa na shefe. Haula akaosha chungu kikubwa. Alikuwa amefikiri siku nyingi, na alijua la kufanya, kwa sababu mila haikuwaacha watu bila njia. Mtani aliyekosewa huja mwenyewe kuchukua faini yake. Huingia bila kubisha, huondoa chungu mekoni kikiwa na chakula ndani, hupita nacho barabarani akimtangaza mwenye nyumba kwa majina yote mabaya, na watu hucheka, na kesi imekwisha. Basi akapika wali mwingi, wa siku nne nzima, akautia na nazi aliyoinunua kwa kanga yake ya pili. Akaacha mlango wazi. Haruna akauona wali ule, akaelewa.

Alasiri Rajabo akaja. Alikuwa amekonda, na alitembea akiulinda ubavu mmoja.

"Hodi," akasema pale nje.

Mtani habishi hodi. Haula akadhani anataniwa, akatoka na tusi lake tayari.

"Mwizi mkubwa wewe," akamwambia. "Umemaliza ugali wa wanajeshi, sasa umekuja kumaliza na wangu?"

"Hamjambo humu ndani?" Rajabo akauliza. "Shemeji hajambo? Mtoto anaendeleaje, dada?"

"Anaendelea," Haula akasema. Na kwa kuwa Rajabo alikuwa bado anangoja mlangoni, naye Haula hakujua afanye nini tena, akamkaribisha. Rajabo akavua ndala zake mlangoni. Akaketi ukingoni mwa mkeka, mahali wanapokaa wageni, akamwomba Sumaia amwonyeshe mtoto, akamsomea dua fupi akamrudisha. Haruna akasema chakula kipo. Harufu ya nazi ilikuwa imeijaza nyumba, na koo la Rajabo lilipanda likashuka, kila mtu akaliona.

"Nimekula, shemeji, nashukuru," akasema. "Nimepita tu kuwajulia hali."

Akainuka, akaaga kila mtu kwa jina lake, hata watoto. Haula akamfuata mpaka njiani. Majirani walikuwa nje, wakitazama, wakingoja chungu kitoke kama walivyojua kitatoka. Akamwita kichwa cha nguru, akamwita mlafi, akamwita mume wa mashetani. Rajabo aliendelea kutembea taratibu, akilinda ubavu wake. Basi Haula akalitoa lile kubwa kuliko yote, ambalo watani hulitunza kwa siku kubwa. Akamtukania marehemu mama yake, shangazi yake mwenyewe, kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa.

Rajabo akasimama. Akageuka nusu, akaweka mkono kifuani.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," akasema, akaenda zake.

Majirani wakaingia ndani mmoja mmoja. Haula akabaki njiani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajua kwamba amemtukana mtu.